Nesi Asiyefundishika

Kila Alhamisi, siku ya chanjo, zahanati hujaa hata pa kuweka mguu hapana. Watoto walikuwa wakilia kwa kupokezana, na katikati ya kelele hizo kijana mmoja mwenye shati la samawati lililonyooka kwa pasi akaipita foleni nzima.

"Foleni inaanzia kule, kaka," nesi alisema bila kuinua macho.

"Mimi siumwi, dada. Nimeleta kompyuta."

"Basi na kompyuta ipange foleni."

Akainua macho amcheke, na hapo ndipo alipopatikana.

Serikali ilikuwa imeahidi ruzuku kwa kila zahanati itakayoacha mafaili ya karatasi na kuwaandika wagonjwa wote kwenye kompyuta. Daktari mkuu alishaipangia fedha hiyo friji mpya ya chanjo, maana ile kuukuu ilikuwa ikizimika ovyo. Lakini ruzuku haitoki mpaka kila mhudumu awe ameiva, na kijana yule, mwalimu wao wa kompyuta, angekuja kila Alhamisi mpaka hapo. Wengine waliiva upesi. Nesi akabaki mbichi.

Ubichi wenyewe ulikuwa wa kujitakia. Alishajua kila kitu. Ila Alhamisi ikifika alivaa lile gauni jeupe lililomkaa vizuri, akajipaka manukato nyuma ya masikio, na vidole vikasahau vyote.

"Mwalimu, jina la mgonjwa limepotea tena."

"Limepotelea wapi, bibie?"

"Ningejua lilipo, ningekuita?"

Mwalimu aliinama, bega likagusana na bega, wala hakuwa na haraka ya kulitafuta. Nesi alitamani Alhamisi ile isiishe.

Siku moja, akipita na trei ya sindano nje ya ofisi ya daktari, akaisikia sauti anayoijua: "Yule nesi hafundishiki, daktari. Bado kabisa."

Maneno yalimchoma. Kumbe yeye anamwota mtu, mtu anamwona mzigo! Akufukuzaye hakwambii toka. Alhamisi iliyofuata aliketi mbele ya kompyuta akawaandika wagonjwa wa asubuhi nzima bila kugusa kalamu, vidole vikilia kama mvua juu ya bati.

"Nimefundishika?" aliuliza, uso kaukunja.

Mwalimu alimtazama sana. "Umefundishika," akajibu taratibu. Akafunga mkoba wake, akaenda.

Ruzuku ikatoka, friji ikaja. Kila alipoifungua, nesi alikumbuka ni nani aliyeondoka ili iingie. Alimtamani mpaka akaanza kukosea kweli. Majina yakapotea, safari hii bila hila.

"Mapenzi ni kikohozi," daktari alimwambia asubuhi moja ya chanjo, "na wewe umekohoa zahanati nzima tumesikia. Unajua kwa nini alisema hufundishiki? Alikuwa ananiomba nimwongezee mwezi."

Nesi alichomoa simu mfukoni. Akatoka hadi ukumbini, simu sikioni.

"Mwalimu, jina limepotea."

"La mgonjwa?"

"La mwalimu. Kila Alhamisi namtafuta, simwoni. Wewe ulinisema kwa daktari!"

"Ningesemaje, mpenzi? Kwamba umeiva tangu wiki ya kwanza, ila mimi sijashiba kukutazama?"

Nesi alicheka, machozi yakimtoka. "Basi njoo."

"Nimeshakuja. Nimeanzia kule ulikonielekeza."

Akainua macho. Nyuma kabisa ya foleni, nyuma ya kina mama wote, lilisimama shati la samawati.

"Na leo, dada," sauti ilisema simuni, "naumwa."