Jina la Muchangi Kwenye Kila Ukurasa

Foleni ya duka la fotokopi mjini Embu ilikuwa imefika barabarani, maana ilikuwa siku ya soko. Mama mwenye gunia la maharagwe meusi ya njahi alimpiga kikumbo Kendi, disketi zake zikamwagika miguuni pa kijana mrefu mwenye sweta ya kijani.

"Pole, siste. Unabeba ofisi nzima mkononi?" kijana alitania akiziokota.

"Nabeba kitabu cha wakulima wa Meru. Ukikikanyaga, utakiandika wewe."

"Basi nipe kalamu."

Alikuwa Muchangi wa Siakago, fundi wa kompyuta. Mwaka huo wa 1998, mradi wa kilimo alikofanya kazi Kendi mjini Meru ukamwajiri. Kendi alikuwa ametengeneza kurasa za mafunzo ambazo kila mfanyakazi aliweza kuzifungua kwenye kompyuta za ofisi na kuzirekebisha. Shida ni kwamba huyu akirekebisha, alifuta ya mwenzake. Muchangi akaziunganisha na programu ya kutunza matoleo: kila badiliko liwe na tarehe, saa na jina la mwandishi. Diski ilikuwa ndogo, kwa hiyo akahifadhi mistari iliyobadilika tu, si ukurasa mzima.

"Kwa hiyo hakuna kinachopotea?"

"Hata ukininunia Jumatatu, mpenzi, nitarudi kwa Kendi wa Jumapili."

Kendi alicheka mpaka machozi. Kufikia Agosti walikuwa wamepanga siku ya Muchangi kwenda Kanyakine kuwaona wazazi wa Kendi.

Kabla ya siku hiyo, wakulima wa Kiirua walinyunyizia viazi dawa wakifuata karatasi iliyochapwa kutoka ukurasa wa viazi wa mradi. Vijiko viwili vilikuwa vimeandikwa ishirini. Mashamba yakaungua kwa dawa. Mkuu wa mradi, Bwana Thuranira, alifungua kumbukumbu za ukurasa ule. Aliyerekebisha: Muchangi.

"Sijagusa ukurasa wa viazi," Muchangi alimwambia Kendi.

"Jina lako liko pale."

"Kendi, si unanijua?"

"Mashine itakusingizia kwa nini?"

Muchangi alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alipiga simu ofisini mara tatu. Mara zote Kendi alimnong'oneza Karwirwa wa mapokezi, "Sema nimetoka."

Mwezi wa Februari Kendi alirekebisha ukurasa wa maharagwe, akachungulia kumbukumbu. Aliyerekebisha: Muchangi. Mtu aliyeondoka miezi mitano iliyopita! Ndipo Kendi alipoelewa. Muchangi alikuwa ameunganisha kurasa na programu ile kwa jina lake, na kila mtu akawa anaandika kwa jina hilo. Akatazama tarehe ya ukurasa wa viazi. Siku ile wote walikuwa mazikoni. Yeye peke yake ndiye aliyebaki ofisini.

Alikiri kwa Thuranira, kisha akaenda Siakago. Alimkuta Muchangi kwenye kibanda cha kutengeneza redio, amekonda.

"Ni mimi niliyekosea," Kendi alisema. "Si wewe."

"Nilijua wiki ile ile. Ndiyo maana nilipiga simu."

"Mbona hukumwambia Thuranira?"

"Nimwambie ni wewe?"

Kendi alishika meza. "Rudi, Muchangi. Amekubali urudi kazini. Na sisi turudiane."

Muchangi alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Mwezi ujao namwoa Wambura, mwalimu wa hapa. Alisikia kwamba niliwaunguzia watu mashamba." Akakiweka kitambaa mezani. "Alikuja akaniuliza mimi kwanza."

Kendi alimpa mkono tu, akatoka kwenye jua kali la Siakago, na hakuna aliyemwita arudi.