Fyuzi ya Karatasi

Wardah alikuwa hata hajatua mkoba wa shule aliposikia akiitwa kutoka uani.

“Wardah!”

“Abee, Baba.”

“Friji imezima tena. Kimbia kwa Hussam ukaniletee fyuzi.”

Wardah alifumba macho, akavuta pumzi, akangoja hasira zishuke. Jana alitumwa fyuzi. Juzi alitumwa fyuzi. Pale Mtongwe wenzake wa gredi ya sita walikuwa wameshaanza kumwita Bi Fyuzi, na Hussam, mwenye duka la vipuri vya magari, alikuwa akimwona tu anacheka kabla hajasema neno.

Adha yote hiyo ililetwa na gari. Baba yake, Bwana Jafar, alikuwa amenunua gari kuukuu la kusambazia mikate, akaamua kuligeuza nyumba ndogo ya matembezi. Ndani alipiga vitanda viwili vya mbao, akaweka jiko la gesi na mtungi wake, mapazia aliyoshona mkewe, na friji ndogo inayotumia betri ya gari. Alitaka kulikodisha kwa familia zinazokwenda Shimba Hills kutazama wanyama na kulala huko huko. Nia ilikuwa njema, hakuna aliyeikosoa. Ubishi ulikuwa juu ya waya.

Waya wa friji Bwana Jafar aliutia mwenyewe. Alipojenga nyumba kilibaki kipande kirefu cha waya wa taa, mwembamba na mgumu, naye hakuwa mtu wa kutupa kitu. Akaufunga kwenye betri chini ya kiti cha dereva, akautia fyuzi, akaupitisha chini ya kitanda cha nyuma, akatoboa tundu katika bati na kuutoa upande wa pili mpaka kwenye friji.

“Mwite fundi,” mkewe, Bi Tima, alimwambia siku ile ya kwanza.

“Fundi wa nini? Stima ya nyumba hii niliitia mimi.”

“Ndiyo maana nikichomeka pasi, taa ya chooni inazima.”

“Mama Wardah, hebu nisikilize. Waya huu hubeba stima ya nyumba, stima ya kuua mtu. Betri ya gari hata ukiishika kwa mikono haikufanyi kitu. Waya uliobeba ndovu utashindwa na paka?”

Maneno yalikuwa matamu, na kosa lililopakwa utamu ni gumu kung'oka. Tangu hapo, kila gari lilipotolewa kwenda kujaribiwa, lilipopita tu kwenye mashimo ya barabara ya Mtongwe, fyuzi ilikatika na friji ikafa. Bwana Jafar akailaumu fyuzi. Akailaumu friji. Akamlaumu Hussam kwa kuuza bidhaa duni. Siku moja alimlaumu hata Wardah, ati anaifungua friji ovyo akitafuta maji baridi. Waya peke yake ndio haukulaumiwa.

Sasa siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Wardah alikuwa na haraka zake. Baada ya alasiri palikuwa na mazoezi ya kaswida madrasa, na ustadhi alishasema kuwa atakayechelewa hataimba mstari wa mbele siku ya Maulidi. Alikimbia mpaka dukani akakuta mlango umefungwa. Hussam amekwenda kuswali. Wardah akatazama huku na kule, akapiga teke kijiwe.

“Lahaula! Hii fyuzi itanimaliza mie!”

Ndipo akakumbuka jambo aliloliona kituo cha tuktuk. Dereva mmoja alichukua fyuzi iliyokatika, akaizungushia karatasi ing'aayo kama fedha ya pakiti ya sigara, akairudisha mahali pake, na taa zikawaka. Wardah alikuwa na fyuzi mbovu mfukoni, na hapo chini palikuwa na karatasi kama hiyo ya chokoleti iliyotupwa. Aliifuta kwa sketi, akaifungia ile fyuzi vizuri, akarudi mbio nyumbani. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa mdogo, yeye ndiye aliyekuwa akizichomeka siku zote katika mwanya mwembamba chini ya kiti cha dereva. Akaichomeka. Friji ikanguruma.

“Imewaka?” baba yake aliuliza kutoka nje.

“Imewaka.”

“Leo Hussam amekupa ya haki?”

Wardah alisita kidogo. “Ee, Baba,” akasema, akatoka mbio kwenda madrasa.

Kesho yake Bwana Jafar alilipitisha gari kwenye mashimo yote ya Mtongwe. Friji haikuzima. Alirudi anaimba. Mezani hakuzungumza jingine. “Nilikwambieni! Waya hauna kosa! Ilikuwa ni zile fyuzi za Hussam tu.” Akamega mnofu mkubwa wa samaki, akamwekea Wardah, ati mtoto anayetumika hakosi kheri. Wardah aliutafuna mnofu ule kwa shida. Alitaka kusema, lakini baba yake alikuwa na furaha ambayo nyumba ile haikuiona kwa muda mrefu, na wateja wa kwanza walikuwa waje Jumamosi. Akajiambia kuwa kama ingekuwa na shida, ingeshazima.

Jumamosi asubuhi wakaja. Walikuwa Mwalimu Lewa wa Timbwani, mkewe Bi Nyamvula, na mtoto wao Mwidani, kitoto cha miaka minne kisichotulia. Bwana Jafar alikuwa amerudi na gari wakati huo huo kutoka kujaza gesi na maji. Friji ilikuwa imeshapakiwa soda na nyama, inanguruma. Bi Tima alikuwa anafunga maandazi ya wageni, na Wardah alisimama mlangoni mwa gari akipokea vikapu.

Mwidani alipanda moja kwa moja kwenye kitanda cha nyuma, akajilaza.

“Mama, kitanda kina moto.”

“Ni jua, mwanangu,” alisema Bi Nyamvula.

“Jua la Mombasa hilo,” Bwana Jafar aliongeza akicheka. “Mkifika Kwale mtapata upepo.”

Wardah hakucheka. Pua yake ilikuwa imenasa harufu, hafifu lakini kali, ya plastiki inayoungua.

“Baba.”

“Si sasa, Wardah.”

“Baba, ile friji...”

“Nimesema si sasa! Huoni nazungumza na wageni?”

Akamkimbilia mama yake jikoni. “Mama, ile fyuzi ya juzi...”

“Wardah! Wallahi nikisikia tena neno fyuzi katika nyumba hii, nitahama niwaachie! Shika maandazi haya upeleke.”

Wardah alirudi na maandazi mikononi, machozi ya hasira yakimlenga. Alipohitajika kununua fyuzi, jina lake liliitwa mpaka majirani wakasikia. Leo ana la kusema, hakuna mwenye sikio! Akisema kwa nguvu, atamwaibisha baba yake mbele ya wageni, safari itavunjika, na uongo wake utajulikana. Akinyamaza, Mwidani atalala juu ya ule waya, na mtungi wa gesi uko miguuni pake. Bwana Jafar alikuwa tayari anamkabidhi Mwalimu Lewa ufunguo.

Wardah akayatupa maandazi chini.

“Mshusheni mtoto! Ile si fyuzi! Ni karatasi ya chokoleti, nimeitia mimi!”

Watu wote wakamtazama. Bi Nyamvula hakungoja maelezo, alimvuta Mwidani kwa mkono mmoja akamtoa nje. Bwana Jafar alipanda garini akaliinua godoro, na moshi ukamfuka usoni. Ubao wa kitanda ulikuwa umepiga mstari mweusi. Chini yake ganda la waya lilikuwa limeyeyuka, hasa pale penye tundu, na mpira wa gesi ulikuwa karibu sana na hapo. Aliruka mbele akaung'oa waya kwenye betri.

“Umefanya nini, Wardah?” aliuliza.

Wardah akasema yote: duka lililofungwa, tuktuk, karatasi, na uongo alioutoa. “Nilichoka kutumwa, Baba. Halafu nikaogopa.”

“Mwanangu angelala hapo!” Bi Nyamvula alifoka. “Baba Mwidani, chukua vikapu twende zetu!”

Mwalimu Lewa alikuwa amekunja uso, lakini hakuinua sauti. “Bwana Jafar, mtoto wako ametuokoa, ingawa ni yeye aliyetutia hatarini. Mwite fundi anayeijua kazi hii. Akiniambia mwenyewe kuwa gari ni salama, tutakwenda kesho. La sivyo, hatuonani tena.”

Bwana Jafar akamgeukia mkewe. Bi Tima alikuwa ameshatoa simu. Nambari alikuwa nayo tangu gari linunuliwe.

Fundi Mueni alifika adhuhuri kutoka Magongo, akiwa ametoka jasho na amechoshwa na foleni ya feri. Alikuwa mama mnene mwenye sauti kubwa, kazi yake kutengeneza umeme wa malori yanayobeba samaki na maua. Aliinama chini ya kitanda, akatazama kwa muda, akatoka akitikisa kichwa.

“Nani alifanya hii kazi?”

Wardah akamtazama baba yake. Bwana Jafar akakohoa.

“Baba Wardah, hii ni waya ya taa!”

“Hubeba stima ya nyumba,” alijitetea Bwana Jafar, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

“Sikiza basi. Stima ya nyumba ina msukumo mkubwa. Ya betri msukumo wake ni mdogo, kwa hivyo friji inalazimika kuvuta stima nyingi ndiyo ifanye kazi ile ile. Stima nyingi inataka waya mnene. Halafu hii yako ndani ni uzi mmoja mgumu. Gari likitingishika kila siku, utavunjika. Waya wa gari una nyuzi nyingi laini. Na hili tundu je?” Akapitisha kidole kwenye ukingo wa bati. “Kali kama kisu, na hujaweka hata mpira. Kila ukipita shimo, bati inakwaruza waya. Shaba ikigusa bati, fyuzi inakata. Fyuzi ilikuwa inafanya kazi yake! Nyinyi mkasema ni mbovu. Karatasi haikati, ndiyo maana waya ukaungua.”

Bi Tima alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni, akiitikia kila neno kwa raha. Fundi Mueni akapeleka mkono nyuma ya friji. Akavuta leso moja. Akavuta ya pili. Akavuta na mto mdogo wa kufuma.

“Na hivi ni vya nani?”

“Ilikuwa ikigongagonga,” alisema Bi Tima, akiacha kuitikia. “Nikaibana isipige kelele.”

“Mama, friji inatoa joto lake huku nyuma. Umeiziba pua! Itafanya kazi mchana kutwa na isipoe, na betri mtalala nayo imekufa.”

Bwana Jafar akainamisha kichwa asionekane anatabasamu.

Kazi iliwachukua mpaka jioni. Wardah alishika tochi na kupokeza koleo, kwa kuwa Fundi Mueni alisema aliyeharibu naye atengeneze. Waya wa taa ulitolewa wote. Ukawekwa waya mnene wa gari ndani ya bomba la plastiki, mbali na mpira wa gesi, na tundu la bati likavishwa mpira. Fyuzi mpya ikawekwa karibu kabisa na betri. “Hatari ikitokea popote njiani, ikate hapa mwanzo,” alieleza Fundi Mueni. “Na iwe ya kiasi alichoandika mtengenezaji wa friji. Si kubwa zaidi, wala si karatasi.” Mwisho friji ikafungwa kwa skrubu isiteleze, na nyuma yake pakaachwa wazi ipumue.

Asubuhi ya Jumapili Bwana Jafar na Fundi Mueni walilizungusha gari kwenye mashimo yale yale, friji ikiwaka. Waliporudi, familia ya Mwalimu Lewa ilikuwa inawangoja. Fundi Mueni alimweleza Mwalimu kila alichofanya, lakini Bi Nyamvula hakutosheka na maneno. Aliinua godoro mwenyewe, akaweka kiganja juu ya ubao, akakiacha hapo. Akaushika na waya. Kisha akamnyanyua Mwidani, akampandisha.

Gari lilipokata kona, Bwana Jafar alibaki uani na binti yake.

“Nimekasirika nawe,” alisema. “Usidhani kwa kuwa wamekwenda basi nimesahau. Uliniongopea, ukakaa na uongo wako siku mbili, na mtoto wa watu angeungua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukikosa, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo.”

“Ndiyo, Baba. Nisamehe.”

“Nimekusamehe. Na mimi nina langu. Kila siku nilikuwa naonywa na ile fyuzi, nami naudhika na lile onyo badala ya kutafuta kosa. Anayekuonya akikuudhi, Wardah, usimzibe mdomo. Tazama anakuonya nini.”

Wardah alikuna mguu mmoja kwa mwingine. Bado alikuwa na donge rohoni.

“Na nikija kukwambia, ukasema si sasa?”

Kule jikoni Bi Tima aliacha kuosha vyombo ili asikie jibu.

“Basi utupe maandazi chini,” baba yake akasema, “upige kelele mpaka nisikie.”