Krauni Mbili za Bibi Garbutt

Haya yalimtokea rafiki yangu Norris Thackray, mkusanyaji wa sarafu za zamani, mtu asiye na porojo hata kidogo. Novemba iliyopita alikwenda Whitby, kaskazini mwa Uingereza, kununua krauni mbili, sarafu kubwa za fedha za enzi za Malkia Viktoria, kwa kikongwe mmoja aitwaye Bibi Garbutt.

"Ingia upesi, mwanangu, unanitolea joto nje!" bibi alimwambia mlangoni.

Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume aliyelazwa, amefumba macho.

"Baba yangu huyo, siku tuliyomzika," bibi alisema. "Krauni zenyewe ndizo zilizowekwa machoni pake, kope zisifunguke. Tulizitoa ili apigwe picha. Chukua, ila usizisugue."

Norris akacheka. "Nizisugue nina wazimu, bibi? Sisi wakusanyaji tunaulipia huo weusi wa ukale ulio juu ya sarafu."

Lakini alipofika nyumbani kwake, saa kumi na moja jioni na giza la majira ya baridi limeshaingia, aliona doa kwenye krauni moja, jembamba, limepinda kama ukope. Likamkera. Akalipangusa kwa kidole gumba, mara moja tu, na pale pakang'aa.

Nyumba ikawa kimya, hata saa ya ukutani haikusikika. Kisha simu ikalia.

"Umesugua moja, sivyo?" Bibi Garbutt alinong'ona.

"Nani kakwambia?"



"Baba pale pichani kafumbua jicho la kushoto. Nimezima taa, mwanangu, na bado linang'aa."