Ndege Iliyopita Barabarani

Haya, sogeeni, kaeni vizuri. Hii ni habari ya Tumpe, na ndege iliyotoka bandani kwao.

Tumpe alikaa Tukuyu, juu milimani, kwenye mashamba ya chai. Huko ukungu huamka kabla ya watu.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na banda. Mabanda ya majirani yalikuwa na ng'ombe. Banda la akina Tumpe lilikuwa na ndege.

Si ndege wa manyoya, jamani. Ndege ya kupanda watu! Ilikuwa na viti viwili, magurudumu matatu na tumbo la rangi ya ndizi mbivu.

Aliyeitengeneza ni mama yake Tumpe. Mama alikuwa seremala. Mchana alitengeneza milango, vitanda na madawati. Jioni aliingia bandani, akatengeneza ndege.

Tumpe alipokuwa anatambaa, ndege ilikuwa mbavu tupu za mbao. Alipoanza kukimbia, ndege ilivishwa kitambaa kigumu, ikapakwa rangi. Na jino lake la kwanza lilipong'oka, ndege nayo ilipata injini.

Kisha asubuhi moja, Mama alifuta mikono yake, akarudi nyuma hatua chache, akaitazama.

"Imekamilika," alisema taratibu. "Leo tunaipeleka uwanja wa ndege."

Tumpe akashangaa. "Kwani haiwezi kwenda yenyewe? Si iruke tu?"

Mama akacheka. "Itakimbilia wapi, mwanangu? Kwenye migomba? Ndege hukimbia kwanza, ndipo inaruka. Inataka njia ndefu iliyonyooka. Huku kwetu ni kupanda na kushuka tu."

"Kwa hiyo itapita barabarani? Kama gari?"

"Itapita barabarani," alisema Mama. "Ila yenyewe itabebwa."

"Itabebwa na nani?"

Tuku-tuku-tuku! Nje, kitu kikaunguruma.

Alikuwa Mjomba Ambakisye na trekta lake jekundu. Nyuma ya trekta palikuwa na trela refu, refu kuliko nyumba.

Kwanza walifungua mabawa. Mama na Baba walizungusha spana. Kiri, kiri, kiri. Bawa la kulia likatoka. Kiri, kiri, kiri. Bawa la kushoto likatoka.

Waliyaviringishia mablanketi yote ya nyumbani. Hata blanketi la Tumpe lenye picha za twiga.

Halafu wakasukuma. Mama upande huu, Baba upande ule, Mjomba nyuma. Na Tumpe? Tumpe aliweka viganja vyake viwili kwenye mkia, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Pua ya ndege ikatoka mlangoni. Jua likaigusa.

Tumpe akaacha kusukuma. Kila siku aliiona ndege ndani ya banda, kwenye giza, kipande kipande. Hakuwahi kuiona yote. Hakujua kwamba inang'aa.

"Mama," alinong'ona. "Ni kubwa."

"Ndiyo," Mama naye akanong'ona. "Na mimi ndiyo kwanza naiona."

Wakaipandisha kwenye trela, wakaifunga kwa kamba. Mabawa wakayalaza pembeni, moja huku, moja kule. Mama akavuta kila kamba mara mbili.

Kisha akatoa kitambaa chekundu mfukoni, akampa Tumpe.

"Wewe utakaa na Baba kwenye pikapu, nyuma ya ndege. Mimi nitakuwa mbele na Mjomba. Ukiona kitu hakiko sawa, inua kitambaa hiki. Mjomba atakiona kwenye kioo, atasimama."

"Na kama kila kitu kiko sawa?"

"Kitambaa kikae mapajani."

Tumpe akakishika kwa mikono miwili. Akaanza kuogopa kidogo. Je, kama kitu kitaharibika na yeye asione?

Tuku-tuku-tuku, trekta likaondoka.
Pole pole, ndege. Pole pole, tutafika.

Wakapita kwenye mashamba ya chai. Wachumaji wa chai wakainuka, vikapu mgongoni. Mmoja alisimama hivyo hivyo, majani ya chai mkononi, mpaka ndege ikapita.

Wakapita shuleni. Watoto walikuwa mapumziko, wanapiga kelele kama kawaida ya watoto. Walipoiona ndege, kelele zikakatika.

Halafu sauti moja ndogo ikauliza, "Mwalimu, ndege inaenda wapi?"

"Sijui," alisema mwalimu. Naye alikuwa amefungua mdomo. "Sijui kabisa."

Kwenye kona alikuwepo bibi mmoja na mzigo wa kuni. Akanyoosha mkono, trekta likasimama.

"Naomba niiguse," alisema bibi.

"Iguse, mama," alisema Mama.

Bibi akaweka kuni chini. Akaipapasa pua ya ndege, kama mtu anayempapasa ndama aliyezaliwa leo.

"Ndaga," alisema. Huko kwao, ndiyo asante. Akabeba kuni zake, akaenda.

Tuku-tuku-tuku, trekta likaondoka.
Pole pole, ndege. Pole pole, tutafika.

Sasa barabara ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, ikazunguka, ikashuka tena. Ubaridi ukabaki juu. Joto likaanza kuwapokea. Chai ikaisha, ikaja migomba. Migomba ikapungua, ikaja mikakao.

Tumpe hakuangalia mikakao. Aliangalia kamba. Aliangalia mabawa. Kitambaa chekundu kilikuwa mapajani.

Halafu wakafika darajani.

Daraja lilikuwa jembamba. Chini yake maji yalikuwa meupe kwa povu. Shhhhhaaa! yaliita maji. Shhhhhaaa!

Upande wa pili watu walikuwa wanasubiri. Mwenye baiskeli, mwenye mbuzi, na akina mama waliokuwa wanaenda kuuza mchele. Hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Mama akashuka. Akatembea kinyumenyume mbele ya trekta, uso kwa Mjomba. Alimwonyesha kwa mikono. Njoo. Njoo. Kidogo kulia. Njoo.

Trekta likaingia darajani. Trela likafuata. Pembeni palibaki nafasi ya kiganja tu.

Baba na Tumpe nao walishuka, wakafuata kwa miguu. Baba alimshika mkono.

Tumpe akatazama kamba. Akatazama mabawa.

Akaona twiga.

Twiga wa blanketi lake walikuwa wanashuka! Kamba ilikuwa imelegea. Blanketi lilikuwa linateleza, na bawa nalo linateleza, taratibu, kuelekea chuma cha daraja.

Tumpe akainua kitambaa.

Tuku-tuku-tuku, trekta likaenda. Mjomba alikuwa anamtazama Mama. Hakutazama kioo.

Tumpe akasimama kwenye vidole vya miguu. Akainua kitambaa juu zaidi.

Tuku-tuku-tuku. Bawa likateleza tena.

"Baba!" Tumpe akalia. "Nipandishe! Nipandishe juu!"

Baba hakuuliza kwa nini. Akamnyanyua, hop! Akamweka mabegani.

Tumpe akapunga kitambaa chekundu huku na huku. Akakipunga mpaka mkono ukauma.

Upande wa pili, mama mmoja wa mchele akamwona. "Mwe! Simama! Mtoto anasema msimame!"

"Simama!" akasema mwenye baiskeli.

"Simama!" wakasema wote.

Tuku-tuku... tuku... tuk.

Kimya. Maji tu ndiyo yaliyosikika. Shhhhhaaa.

Mama akaja mbio. Akaliona bawa. Kati ya bawa na chuma cha daraja palibaki nafasi ya kupita kidole kimoja.

Kidole kimoja, watoto. Si viwili.

Mama aliweka bega lake chini ya bawa. Baba naye akaweka bega. Mwenye baiskeli akalaza baiskeli yake, akaja. Akina mama wa mchele wakatua mizigo, wakaja. Kila mtu alilishika bawa taratibu, kama vile limelala na hawataki liamke.

"Haya, pamoja," alisema Mama.

Wakaliinua. Likarudi mahali pake. Mama akakaza kamba, akaikaza tena, akafunga fundo lingine juu ya fundo.

Kisha akapiga magoti mbele ya Tumpe. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini alikuwa anatabasamu.

"Mimi niliivuta ile kamba mara mbili," alisema. "Nikadhani inatosha. Asante, mwanangu."

"Nilipunga, Mjomba hakuniona," alisema Tumpe.

"Ukafanyaje?"

"Nikapunga tena."

Mama akamkumbatia. Akamkumbatia sana.

"Kuanzia hapa, macho yangu yote kwenye kioo, bibie!" alisema Mjomba Ambakisye kutoka kwenye trekta.

Tuku-tuku-tuku, trekta likaondoka.
Pole pole, ndege. Pole pole, tutafika.

Jua lilipoanza kushuka, milima ilikuwa nyuma yao. Mbele yao palikuwa tambarare. Mpunga huku, mpunga kule. Na katikati, uwanja wa ndege.

Ulikuwa uwanja mdogo. Palikuwa na kibanda kimoja na bendera moja. Lakini njia ya kurukia! Ilikuwa ndefu, imenyooka, na mwisho wake hauonekani vizuri.

Tumpe akashuka kwenye pikapu. Akatazama juu. Kule kwao mbingu ilikuwa kipande, katikati ya kilima na kilima. Hapa ilikuwa yote.

"Baba, nani ameifungua?" aliuliza.

"Nini?"

"Mbingu."

Baba akatazama juu.

Ndege ililala uwanjani. Siku zilizofuata, Mama aliyarudisha mabawa. Kiri, kiri, kiri. Mkaguzi wa ndege akaja na tochi yake. Akachungulia injini, akachungulia mkia, akavuta hiki, akatikisa kile. Alikagua kutwa nzima. Alipomaliza, alimpa Mama mkono.

"Nani alikufundisha useremala?" aliuliza.

"Baba yangu," alisema Mama.

"Inaruhusiwa kuruka," alisema mkaguzi.

Basi, ikafika asubuhi isiyo na upepo. Mama akavaa kofia yake ngumu. Alikuwa amejifunza kurusha ndege zamani, kabla Tumpe hajazaliwa. Lakini ndege hii haikuwa imewahi kurushwa na mtu yeyote.

Akambusu Tumpe kwenye paji la uso.

"Unaogopa?" aliuliza Tumpe.

"Kidogo," alisema Mama. "Na wewe?"

"Kidogo."

"Basi tuko sawa."

Akapanda. Akafunga mkanda. Baba, Mjomba na Tumpe wakakaa mbali, kwenye uzio. Akina mama wa mchele nao walikuja. Watoto wa tambarare nao walikuja.

Pangaboi la mbele likazunguka. Ta. Ta. Ta-ta-ta-vruuuuuum!

Ndege ikaenda taratibu. Ikaongeza mwendo. Ikakimbia. Nyasi zikalala. Ikakimbia, ikakimbia, ikapita mbele yao, vruuuuuum!

Tumpe hakutazama mabawa. Alitazama magurudumu. Yalikuwa yanagusa ardhi. Yanagusa. Yanagusa.

Hayagusi!

Kati ya gurudumu na ardhi palikuwa na hewa. Kidogo tu, kama nafasi ya chini ya mlango. Kisha ikawa nyingi. Kisha ikawa nyingi mno.

Vitu vya bandani kwao, mbao na kitambaa na rangi ya ndizi mbivu, vilikuwa vinapanda mbinguni. Na ndani yake alikuwemo Mama.

Watoto wakarukaruka. "Imeruka! Imeruka!" Akina mama wakapiga vigelegele. Mjomba alirusha kofia yake, ikaangukia kwenye mpunga. Baba alikuwa analia na kucheka.

Tumpe hakuruka. Hakupiga kelele. Alisimama, mikono imening'inia, kichwa nyuma, mdomo wazi.

Ndege ikazunguka juu ya mpunga. Ikazunguka juu ya ziwa la mbali. Ikageuka, jua likalipiga bawa, bawa likawaka kama kioo.

Kisha ikarudi. Ikashuka, ikashuka. Magurudumu yakagusa ardhi. Tii. Tii. Tiiii.

Pangaboi likasimama. Mama akashuka. Akakaa chini kwenye nyasi, akacheka peke yake.

Usiku huo walilala kwa ndugu zao, kulekule tambarare. Vyura walikuwa wanaimba mpungani. Kroo. Kroo. Mama alilala kando ya Tumpe, ndani ya chandarua.

"Mama," alisema Tumpe. "Juu kukoje?"

Mama akafikiri. "Kuna mwanga mwingi," alisema. "Na milima yetu inaonekana yote kwa pamoja. Nilitaka kuongea, nikakuta sina maneno."

"Hata mimi," alisema Tumpe. "Uliniona?"

"Nilikuona. Ulikuwa mdogo kama punje ya mchele."

"Lakini kulikuwa na punje nyingi! Ulijuaje kwamba ile ni mimi?"

Mama akamvuta karibu.

"Wote walikuwa wanarukaruka," alisema. "Mmoja tu ndiye aliyesimama tuli, ananitazama."

Tumpe akatabasamu gizani. Akaweka kichwa chake kwenye mkono wa Mama, mkono uliotengeneza ndege.

Kroo, waliimba vyura. Kroo.

Na Tumpe akalala.