Picha Iliyoanzia Miguuni

Kompyuta yenye adabu huchora picha kuanzia juu kwenda chini. Hii ilianzia miguuni.

Ilikuwa kompyuta ya nyumbani ya zamani, ya kuchomekwa kwenye televisheni, uzito wa tofali na akili kidogo kuliko saa ya mkononi. Fundi alimaliza wiki nzima kuitafutia programu ya kutazama picha, hadi akapata moja ya bure, kazi ya mtu asiyejulikana aliyeacha maneno mawili tu: "Karibuni mtazame." Hakushangaa. Wapenzi wa mashine kuukuu wote wana wazimu kidogo. Mkewe alishamwambia hivyo mbele ya wageni.

"Naona vidole," dada yake alisema, pua ikigusa kioo. "Vya mama?"

"Vya mama, dada. Subiri, anapanda."

Disketi ilikuwa na picha moja, waliyoachiwa na marehemu kaka yao kabla nyumba haijaungua na albamu zote. Mama alipofariki, fundi alikuwa bado ananyonya. Hakuwa na sura ya kukumbuka. Dada alikuwa nayo, ila ilikuwa inafifia, na macho yake nayo yalikuwa yanafifia. Daktari alikuwa amempa mwezi mmoja kabla ya giza.

Picha ilipanda mstari kwa mstari, mashine ikisaga kama mtu anayetafuna changarawe. Vifundo vya miguu. Pindo la gauni. Kisha, nyuma ya mama, ikatokea miguu mingine iliyolowa, visigino mbele, vidole nyuma.

Fundi akang'oa waya ukutani.

"We mwanaume!" dada akafoka. "Mara ya nne hii! Kila siku unanionyesha miguu. Mimi nilizaliwa na mama, sikuzaliwa na meza!"

"Umeme unasumbua, dada."

"Mbona feni inazunguka?"

Fundi angemwambia nini? Kwamba siku ya kwanza ile miguu ilikuwa kule ukutani ndani ya picha, siku ya pili imefika kwenye kiti, siku ya tatu iko hatua moja tu nyuma ya mama, na leo imekanyaga pindo la gauni lake. Kwamba karakana yake, saa nane mchana, jua likichoma bati, ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Na kwamba mashine, ambayo waya wake alikuwa ameushika mkononi, umening'inia kama mkia wa panya, ilikuwa bado inasaga, inasaga, inasaga?

"Zima hiyo kelele," dada akanong'ona.

"Imezimwa."

Kesho yake dada alikuja na mganga, mama mnene mwenye mkoba na haraka zake. Alinusa mara moja tu, akamgeukia fundi.

"Umemkatisha mara ngapi?"

"Nne."

"Hongera. Kila ukimkatisha anabaki pale alipofika, kesho anaanzia hapo. Umempandisha ngazi wewe mwenyewe, baba, na mkono umemshika."

"Mimi nilikuwa naogopa!"

"Woga mzuri ni wa kukimbia. Wako ni wa kurudi kila siku saa nane." Akaweka mkoba chini. "Huyu ni jini wa kutazamwa. Leo mwache apande mpaka mwisho, sisi tumpe mgongo. Picha ikikamilika bila jicho la mtu, amefungwa humo. Tunaichoma disketi, tunakwenda zetu."

"Na akionwa?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anashuka huku kwetu."

"Na mama yangu?" dada akauliza. "Naye tunamchoma?"

Fundi alichomeka waya, akabonyeza, wakageuka wote watatu, dada kitini, wakautazama mlango kama watoto walioadhibiwa. Mganga akaanza kusoma maneno yake midomoni. Nyuma yao mashine ilisaga, na fundi, ambaye alijua mwendo wake kama mapigo ya moyo wake, alihesabu bila kutaka: sasa magoti, sasa kiuno, sasa mikono, na harufu ya majivu mabichi ikamjaa kooni, na jasho likamshuka mgongoni, na akasikia kiti cha dada kikilia, kilio kidogo tu, kilio cha mtu anayegeuka.

"Dada," alinong'ona. "Dada, usifanye hivyo. Nakuomba."

Kusaga kukakoma.

"Namwona," dada alisema. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Jamani, ana kidevu chako! Ana kidevu chako kabisa! Na wewe unavyoogopa... mbona yuko peke yake? Hamna mtu mwingine humu."

Mganga aliacha kusoma. Aliokota mkoba wake, akatoka bila kuaga, na kiatu chake kimoja kikabaki mlangoni.

Fundi alitaka kumfuata. Alipiga hatua moja, akavutwa na shati kwa nyuma.

"Dada," alisema polepole, "niachie shati."

Hakuachiwa. Akageuza shingo kidogo tu. Dada alikuwa amekaa kule kwenye televisheni, viganja vyake vyote viwili vimebandikwa kwenye kioo, anampapasa mama mashavu.