Mama Mkwe Ndani ya Friza

Nyumba ya mshonaji ilinuka mafuta ya taa. Alikuwa amelipaka sanduku zima, maana nondo walikuwa wanaitafuna shali ya sufu ya marehemu mama yake. Shali hiyo ilipokea kila mtoto wa ukoo, na sasa binti yake alikuwa karibu kujifungua. Matundu yalizidi kila wiki. Mama wa watu alikuwa na huzuni.

Jumapili walikwenda wote kwenye jumba kubwa la makumbusho. Darini palining'inia mifupa ya nyangumi. Mumewe, muuza barafu, mtu mwenye kitambi chake, alisema leo amekutana na mwenzake. Binti alicheka mpaka akashika tumbo.

Mshonaji hakumwona nyangumi. Alikuwa amesimama mbele ya joho kuukuu la sufu lililotoka nchi ya mbali. Alitafuta tundu, hakupata. Akamwita mhudumu wa ukumbi.

"Samahani, dada. Hili lina miaka mingi na ni zima. Shali yangu inaliwa. Nyinyi mnafanyaje?"

Mhudumu alieleza kwamba kila kitu cha sufu au manyoya hutiwa kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Hewa hukamuliwa, mfuko hufungwa, kisha huwekwa kwenye friza. Baridi kali huua nondo, viwavi na mayai yao.

"Mimi nimepaka sanduku mafuta ya taa."

"Acha, mama. Yanashika moto, na mtoto mchanga atavuta harufu yake. Lioshe kwa sabuni, ulianike juani."

Muuza barafu aliuliza kama friza yake ingefaa.

"Ikigandisha sawasawa, wiki mbili zinatosha. Mkiutoa mfuko, msiufungue mpaka baridi iishe, shali isije ikalowa."

Basi shali ikalala katikati ya barafu za watoto. Wateja walipouliza, muuza barafu aliwajibu kwamba mama mkwe amekuja kutembea, wasimsumbue.

Wiki mbili zilipita. Mfuko ulikaa mezani kutwa nzima kabla ya kufunguliwa. Mshonaji aliipiga shali brashi nje, akaziba matundu kwa uzi. Halikutokea tundu jipya.

Mjukuu alizaliwa usiku wa mvua. Babu yake alimfunika kwa shali, na safari hii hakuwa anatania.

"Mama mkwe," alisema, "mpokee."