Sahani ya Tatu

— Watatu, Shunpei alimwambia muuza tiketi chini ya mnara wa Tsutenkaku, mjini Osaka.

Muuza tiketi akachungulia nyuma yao. Hakuona mtu.

— Wawili, Kinuyo akasahihisha.

— Samahani. Wawili. Mazoea tu.

Mazoea gani hayo? Kinuyo alijiuliza. Asubuhi, sokoni Kuromon, Shunpei aliagiza chaza watatu, na mmoja akabaki kwenye ganda lake mpaka wakaondoka. Kwenye ngome ya Osaka, alipotaka kumpiga Kinuyo picha, alimwambia asogee kulia kidogo, na kushoto kukabaki pengo la kumtosha mtu mzima. Hata barabarani mwanamume huyu alitembea ameacha nafasi kushoto kwake, na kila Kinuyo alipojaribu kuijaza alijikuta amehamishiwa upande wa pili.

Simu ikatetemeka. Dada yake, Fusae, kutoka Kanazawa:

"Umeshamjibu? Usituletee habari za nitafikiria."

Shunpei alimposa kwa simu wiki iliyopita, na Kinuyo alikuja Osaka kumpa jibu uso kwa uso, kabla ya treni ya jioni. Kwamba aliwahi kuoa na mkewe Madoka akafariki, Shunpei alimweleza tangu mwanzo. Kwamba Madoka bado anatembea naye mjini, hilo hakulisema.

Mchana waliingia kwa Mama Otami, kibanda cha chapati za kabichi na ngisi zinazokaangwa kwenye bamba la chuma mbele ya mlaji. Bibi yule aliwatazama wote wawili, akapanga sahani tatu.

— Mama, sisi tuko wawili, Kinuyo alisema.

— Naona, binti. Ila huyu hajawahi kula hapa bila sahani ya Madoka. Muulize mwenyewe.

Shunpei aliinamisha uso. Kinuyo akageuza kiti, wakatazamana.

— Nakuuliza mara moja, na ukinidanganya nakwenda zangu stesheni sasa hivi. Unataka kunioa, au unatafuta mtu wa kukusaidia kumtembeza mkeo?

— Nataka kukuoa.

— Basi mbona haondoki?

Chapati ikaanza kuungua. Mama Otami akaigeuza, akaikata na kuigawa kwenye sahani zote tatu.

— Sikumwokota, Shunpei alisema.

— Hukumwokota vipi?

— Siku ya kuchoma maiti yake. Nilishapewa vijiti vya kuokotea mifupa yake, ndugu wamejipanga. Trei ikatolewa tanurini, nikaona mifupa, nikakimbia. Mama yake aliiokota bila mimi. Nikaja hapa, nikaagiza vya watu wawili. Nilijiambia, kama sijamwokota, hajafa. Tangu siku ile ananifuata, Kinuyo. Nikigeuka simwoni. Nikitazama mbele nasikia viatu vyake.

Kinuyo alimwonea huruma, na alimwonea Madoka wivu, vyote kwa pamoja. Na yeye pia, pale ngomeni, alisikia viatu.

Akashika vijiti vya sahani ya tatu. Akanyofoa kipande cheupe cha ngisi, akakinyoosha mbele.

— Pokea.

Shunpei akasogeza sahani yake.

— Si kwa sahani. Kwa vijiti vyako.

— Binti, Mama Otami akaingilia, hayo hayafanywi mezani.

Ni kweli hayafanywi. Hata mtoto mdogo hupigwa kikofi akijaribu. Vijiti kwa vijiti watu hupokezana mifupa ya marehemu tu, ndugu kwa ndugu.

— Najua ni mwiko, mama, nisamehe. Hata kwetu nilipigwa kofi kwa hilo. Shunpei, siku ile ulikimbia. Leo usikimbie, niko na wewe. Pokea.

Shunpei akainua vijiti vyake. Akapokea. Wateja wa meza ya pili wakaacha kutafuna. Kinuyo akamnyooshea kipande kingine, na kingine, taratibu, mpaka sahani ya tatu ikabaki tupu. Hapo Shunpei akalia kwa sauti, mtu mzima na tai yake, na Kinuyo akamwacha alie. Mama Otami aliichukua ile sahani, akaiosha huku akijifuta macho kwa aproni, lakini hakuirudisha kwenye rafu pamoja na zingine.

Jioni, stesheni, walisimama mbele ya dirisha la tiketi.

— Bado hujanijibu, Shunpei alisema.

— Kata tiketi kwanza. Nataka nikusikie ukihesabu.

Macho ya Shunpei yalitaka kukimbilia kushoto, akayarudisha dirishani.

— Kanazawa, alisema. Wawili.

Kinuyo akaandika ujumbe: "Dada, mwambie mama aongeze wali. Nakuja na mume."

Kabla ya kupanda, aligeuka kushoto kwa Shunpei, pale palipokuwa patupu siku nzima, akainama sana, kama mtu anayemuaga mwenye nyumba. Aliposimama wima, akaingia kwenye ile nafasi, akamshika Shunpei mkono. Palikuwa na baridi kidogo, kisha pakapata joto.